Nimeombwa kusimamia banda la matembezi ya hisani, na nina hofu

*"Habari mtaalamu. Nina mtoto wa kiume wa miaka tisa mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi wanauita siko seli. Kikundi chetu cha wazazi hapa Mbagala kinaandaa matembezi ya hisani mwezi Septemba, ili tupate fedha za dawa na bima kwa watoto ambao familia zao hazijiwezi. Nimeombwa kusimamia banda letu karibu na kituo cha daladala cha Rangi Tatu Jumamosi mbili, asubuhi mpaka jioni, nihamasishe watu wajiandikishe na wanunue fulana. Natamani sana kusaidia lakini nina hofu. Mimi si msemaji, nikisimama mbele ya watu nasahau hata jina langu. Halafu siku hizi ukimsimamisha mtu njiani anajua wewe ni tapeli. Mwenyekiti wetu amesema michango ipokelewe kwenye namba yangu ya simu mpaka akaunti ya kikundi ikamilike. Na wenzangu wananishauri nije na mwanangu, eti watu wakimwona mtoto mwenyewe wataguswa. Je, haya ni sawa? Na mtu akiniuliza maswali ya kitabibu nimjibu nini?"*

Dada yangu, nashukuru umeuliza mapema, kabla banda halijasimama. Umeleta maswali mengi, lakini nikiyasoma pamoja naona wasiwasi wako ni mmoja: utafanyaje ili watu wasiokujua wakuamini, bila wewe wala mwanao kudhalilika? Nitakujibu yote, ila sitafuata mpangilio wako, kwa sababu mambo mawili kati ya hayo, la pesa na la mtoto, yanahitaji uamuzi wiki hii. Mengine utajifunza ukiwa pale pale.

Kabla ya hayo kuna dhana moja inayowachosha watu wengi wa kujitolea. Wanadhani banda limewekwa ili lichangishe. Jioni wanahesabu noti, wanaziona chache, wanarudi nyumbani wamenyong'onyea. Kituo cha daladala si mahali pa kupata fedha nyingi. Mtu wa Rangi Tatu ana nauli mkononi na jicho kwenye gari linaloingia. Kazi ya banda lako ni kualika. Mtu akiondoka mezani kwako akijua siku, saa, mahali pa kuanzia na namna ya kujiandikisha, hata kama hajatoa senti, umemaliza kazi yako kwake. Siku ya matembezi atakuja na mdogo wake na jirani yake, na fedha za matembezi hutokana na wingi huo, na wadhamini wanaouona wingi huo.

Ukilielewa hili, hata ile hofu ya kusema inapungua. Bila shaka umeshapeleka kadi za harusi au umeshawaita majirani kwenye hitima. Hukuhitaji kuwa msemaji. Ulibisha hodi, ukasalimia, ukasema siku na mahali, ukaaga. Bandani ni hivyo hivyo. Mzee mpe shikamoo yake kwanza na usubiri aitikie. Kijana mwulize habari za kazi. Halafu uliza swali moja fupi: "Samahani mama, unaifahamu siko seli?" Nasema swali kwa sababu aliyeulizwa hupunguza mwendo ili ajibu, ilhali aliyeanza kuhutubiwa huongeza. Atasema ndiyo, au hapana, au "mtoto wa dada yangu anayo". Mwache amalize. Kisha mwambie mambo mawili tu: kwamba wazazi wa Mbagala mnatembea tarehe fulani kwa ajili ya watoto wenye ugonjwa huo, na kwamba anakaribishwa. Basi. Akitaka zaidi atauliza, na hapo utashangaa namna maneno yanavyokuja yenyewe, kwa sababu unazungumzia maisha yako.

Simama pembeni ya meza, usijifiche nyuma yake. Na vipeperushi usimgawie kila anayepita. Mpe aliyesimama. Nimeona vipeperushi vyenye picha ya mtoto mgonjwa vikikanyagwa kwenye tope la kituoni saa moja tu baada ya banda kufunguliwa, na hakuna mzazi anayepaswa kupita juu ya picha ya namna hiyo.

Sasa hili la kuonekana tapeli. Fikiria asubuhi ya huyo unayemsimamisha. Tangu ashuke kwenye gari ameitwa na makonda, ameshikwa mkono na wauza viatu, amepita kwenye spika ya mhubiri na kwenye mwamvuli wa vijana wanaosajili laini za simu. Ndani ya daladala kuna mtu alipanda na bahasha na picha ya mgonjwa akiomba msaada, na hakuna aliyejua kama ni kweli. Kwenye simu yake kuna ujumbe unaosema "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mtu huyu akikutazama kwa shaka, usione amekudharau. Anatumia akili zake. Anataka kujua wewe ni nani, kesho atakupata wapi, na pesa inakwenda kwa nani. Ukimjibu hayo kabla hajauliza, shaka inaisha bila wewe kujitetea.

Ndiyo maana karatasi zina kazi kubwa kuliko ufasaha. Bango liwe na jina la kikundi kwa herufi kubwa, likionekana kutoka ng'ambo ya barabara. Vaa kitambulisho chenye jina lako na la kikundi. Barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri iwe mezani, ndani ya mfuko wa plastiki, mahali anayepita anaweza kuisoma. Hakikisheni mna kibali cha kuweka banda eneo hilo kutoka manispaa na ruhusa ya wasimamizi wa kituo, la sivyo mgambo watakuja saa nne asubuhi na mtafungasha meza mbele ya watu mliokuwa mnawashawishi muda huo huo. Kwa matembezi yenyewe, sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Mwombe mwenyekiti nakala iliyopokelewa, uwe nayo. Madereva wa bodaboda ndio watakaokuwa wa kwanza kuuliza kama barabara itafungwa.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye mwongozo wowote lakini nalithamini kuliko bango. Mtu akikutilia shaka, haji kukuuliza wewe. Anamwuliza muuza kahawa aliye hatua tatu kutoka kwako: "Hawa kina nani?" Jibu la muuza kahawa ndilo litakaloamua. Kwa hiyo Ijumaa jioni nenda ukawasalimie wanaofanya biashara pale kila siku, yaani muuza kahawa, mama lishe, fundi simu na machinga wa mitumba. Waambie nani anakuja, kwa nini, na kwa muda gani. Waulize banda likae wapi lisizibe meza zao. Wakikukubali, watakutetea ukiwa hata husikii.

Kwenye pesa sitazunguka: usikubali michango ipokelewe kwenye namba yako binafsi. Simtuhumu mwenyekiti wako. Viongozi wengi wa vikundi vidogo husema hivyo kwa nia njema, kwa sababu akaunti inachelewa na siku inakaribia. Lakini tazama kinachotokea. Mchangiaji akiingiza namba, simu inamwonyesha jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Umemwambia ni kikundi cha wazazi, anaona jina la mwanamke mmoja. Atasita, na ana haki ya kusita. Hata akituma, fedha hiyo inaingia palipo na hela yako ya mboga, ya LUKU na ya ada ya shule. Kuna makato ya kutoa, nani atayabeba? Simu ikipotea je? Na baada ya miezi sita, mtu mmoja ndani ya kikundi akiuliza "ile michango ya Rangi Tatu ilikuwa shilingi ngapi hasa?", hutakuwa na namna ya kuthibitisha hata kama hukugusa shilingi. Nimeona akina mama waaminifu wakihama mtaa kwa maneno ya aina hiyo.

Njia zipo, na kila moja ina gharama yake. Iliyo bora ni Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, ambayo anayelipa anaona jina lile lile lililo kwenye bango. Shida yake ni kwamba inadai nyaraka za kikundi, na kama usajili wenu haujakamilika huenda msiipate kabla ya Jumamosi ya kwanza. Njia ya pili ni kuiomba taasisi yenye akaunti, kama kanisa, msikiti au hospitali mnayoshirikiana nayo, ipokee kwa niaba yenu kwa makubaliano ya maandishi. Ni salama, ila mtakuwa mmefungwa na taratibu zao za kutoa fedha, na wakati mwingine ni ndefu. Fedha taslimu inawezekana kwa mauzo ya fulana mkiwa na kitabu cha stakabadhi chenye namba zinazofuatana, sanduku lililofungwa, na watu wawili wanaohesabu na kutia saini pamoja kabla hamjaondoka. Lakini kituo cha daladala kina vibaka, na sanduku mezani linaonekana na kila mtu.

Kwa hali yenu, mimi ningechagua Jumamosi ya kwanza iwe ya kuandikisha watu tu, bila kupokea kitu. Najua mtapoteza baadhi ya michango, kwa kuwa aliyeguswa leo huenda wiki ijayo akawa ameshasahau. Nakubali hasara hiyo. Tena banda lisiloomba pesa siku ya kwanza hujenga jina, na Jumamosi ya pili likirudi na Lipa Namba yake, waliokuwa wanatazama kwa mbali husogea. Mwambie mwenyekiti kwa heshima: "Mwenyekiti, kazi ya banda nitaifanya kwa moyo wote. Naomba tu jina langu lisikae kwenye pesa, ili kikundi kisije kikaingia kwenye maneno." Kiongozi mwelewa atakushukuru. Akishikilia msimamo wake, omba upewe kazi nyingine siku ya matembezi, kama kugawa maji au kuandikisha watu, na wala usijisikie vibaya.

Fulana zihesabuni asubuhi na jioni, zilizouzwa na zilizobaki, kwa saizi. Na mkubaliane mapema kwamba asiyeweza kununua fulana anatembea na shati lake. Mbagala wapo wengi wanaojua uchungu wa ugonjwa huu kuliko wanaoweza kununua fulana, na ingekuwa vibaya wao ndio wabaki kando ya barabara wakitazama.

Nije kwa mwanao. Wenzako hawajakosea kusema watu wataguswa. Wataguswa kweli. Ila fikiria wataguswa na nini, na yeye atasikia nini. Mtoto wa miaka tisa anaelewa. Atasikia "maskini, ona macho yake yalivyo ya njano". Atasikia mtu akiuliza mbele yake kama atafikisha miaka ishirini. Watoto wa shuleni kwake wanapita Rangi Tatu na mama zao, na Jumatatu watakuwa na la kumwuliza. Huruma ya namna hiyo humfanya mtu atoe mia tano akaendelea na safari, na mtoto anabaki na maneno.

Kiafya pia nina sababu. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni laini na za mviringo, zinajipenyeza kwenye mishipa myembamba kabisa. Kwa mtoto mwenye selimundu, hemoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe hizo, ikiachia oksijeni, hushikamana na kutengeneza nyuzi ngumu. Chembe inapinda ikawa na umbo la mundu, inakakamaa, inanasa kwenye mishipa midogo na kuziba njia, na mwili unaokosa damu mahali hapo unauma. Unayajua maumivu hayo kuliko mimi, umekesha nayo. Mwili ukikaukiwa maji, chembe hizo hupinda kwa urahisi zaidi. Homa, uchovu, joto kali na baridi navyo huchochea. Siku nzima chini ya turubai la kituoni, mtoto akicheza na kusahau kunywa maji, ni kumweka karibu na maumivu bila sababu.

Kwa hiyo siku nzima, hapana. Lakini sisemi afichwe, maana ugonjwa huu si aibu. Mwulize yeye mwenyewe, mkiwa wawili, bila mtu wa kikundi kuwepo. Akitaka kuja, aje saa moja asubuhi jua halijakaza, akae kivulini na chupa yake ya maji, akusaidie kupanga fulana kwa saizi, kisha baba au shangazi amrudishe nyumbani. Aje kama mtoto wa mwenye banda, na mtu asimtambulishe kwa ugonjwa wake isipokuwa yeye akitaka. Picha yake isiwekwe mtandaoni ikiwa na jina la ugonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti, zinazotaka uangalifu wa pekee. Hata bila sheria, atakapokuwa na miaka ishirini na mitano anatafuta kazi, picha hiyo bado itakuwepo.

Kama anatamani kutembea siku yenyewe, usiamue wewe wala mimi. Muulize daktari wa kliniki yake, ambaye anajua kiwango chake cha damu, lini alilazwa mara ya mwisho na hali ya bandama yake. Watoto wengi wenye selimundu wanaweza kutembea taratibu, kwa kupumzika na kunywa maji njiani, bila kushindana na mtu. Wengine wanafaa kutembea kipande kifupi cha mwisho tu. Na wiki hizo zenye shughuli nyingi usisahau kinachojulikana: homa kwa mtoto huyu haisubiri banda lifungwe. Homa, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au rangi ya midomo kupauka sana ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Mpange mapema nani atashika banda ukilazimika kuondoka.

Kuhusu maswali ya kitabibu, wewe si daktari na hakuna anayekutegemea uwe daktari. Lakini unajua mengi ya kumsaidia mtu. Utaulizwa kama unaambukiza. Jibu ni hapana: mtoto huzaliwa nao, akirithi vinasaba, yaani chembe za urithi, kutoka kwa baba na mama wote wawili. Utaulizwa, au utaambiwa, kwamba umetoka ukoo wa mama. Hapo naomba usiinamishe kichwa. Ugonjwa huu hautokei mpaka wazazi wote wawili wachangie, na wapo wanawake waliorudishwa kwao kwa kosa ambalo nusu yake ilitoka kwa mume. Wapo watakaotaja laana au mkono wa mtu. Waambie kwa upole kwamba mwenye kinasaba kimoja tu haumwi, tena ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana ugonjwa umeenea sana kwenye nchi zenye mbu wengi kama yetu. Tanzania ni miongoni mwa nchi tano duniani zenye wagonjwa wengi zaidi, na takwimu inayotajwa mara nyingi ni watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa nao hapa nchini kila mwaka. Huu si msiba wa nyumba moja yenye mkosi.

Kuna hesabu moja inayopotosha sana, na hapo utahitaji subira. Watu wamesikia kwamba wazazi wote wawili wakiwa na kinasaba, mtoto mmoja kati ya wanne atapata ugonjwa. Wanaelewa kwamba wakishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Kila mimba inaanza upya, na kila mara uwezekano ni robo. Familia inaweza kupata watoto wawili wagonjwa wakifuatana, na nyingine ikazaa wanne wote wazima. Anayetaka kujua hali yake apime damu, hasa kabla ya kuoa au kuolewa.

Wakikuuliza kama kuna dawa, sema ipo, na usiseme zaidi ya unachokijua. Haidroksiyurea hupunguza maumivu na kulazwa kwa wengi, ila huandikwa na daktari na mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara. Upandikizaji wa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unaweza kuponya, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuufanya kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023, lakini unahitaji mtu wa kuchangia anayeoana na mgonjwa, mara nyingi ndugu wa damu, na hauwafai wote. Atakayekusimulia dalili za mtoto wake usimpe jina la ugonjwa. Mwelekeze kituo cha afya kilicho karibu naye au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke, watakaompeleka kliniki ya selimundu Muhimbili ikibidi. Na atakayekuja na chupa ya dawa ya miti inayoponya kabisa, mshukuru, usibishane, na usiiweke mezani kwako.

Kuna mgeni mmoja ambaye ningependa ujiandae kwake zaidi ya wote. Ni mwanamke anayesimama mbali kidogo, anasoma bango mpaka mwisho, anasogea, anashika kona ya kitambaa cha meza na kusema, "Mimi nilikuwa naye," halafu hamalizi. Hapo weka kipeperushi chini. Usimtajie fulana, usimwulize alikufa na nini, usimpe takwimu. Mwambie pole mama, umkaribishe kwenye kiti. Ndiyo maana nakuomba banda liwe na kiti cha ziada upande wa nyuma, kisichotazama barabara. Wengine hukaa dakika mbili wakanyamaza, wakaondoka. Wengine husimulia tangu kuzaliwa. Ukisikia maneno ya kutotaka kuishi, usimwache peke yake. Muulize nani wa kumpigia simu, na asindikizwe hospitali, kwa watu wa ustawi wa jamii. Na baada ya mgeni wa namna hiyo, wewe mwenyewe pumzika. Una mtoto mwenye ugonjwa ule ule, na usijilazimishe kumrudia anayefuata ukitabasamu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hii inanileta kwenye muda. Asubuhi mpaka jioni, peke yako, ni mrefu mno na hauna faida. Watu hupita kwa wingi alfajiri mpaka saa tatu au nne, kisha tena kuanzia saa kumi. Katikati hapo jua liko utosini, wapita njia ni wachache na wana haraka. Fungueni saa moja hadi saa nne, mfunge, mrudi saa kumi mpaka magharibi, na muwe watu wawili kila zamu. Pwani yetu ina unyevu mwingi hewani, jasho halikauki upesi, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Kunyweni maji bila kusubiri kiu. Najua akina mama wengi hawanywi wakiwa kazini kwa kuwa hakuna choo, kwa hiyo tafuteni choo kwanza, kwa mama lishe au nyumba ya jirani, na mlipie. Mwenzako akianza kulalamika kichwa na kichefuchefu, mtoe juani, mpe maji, mlegezee nguo. Akianza kuchanganyikiwa au kuanguka, msimwache apumzike tu. Mmwagieni maji na mumwahishe hospitali.

Ningekuwa kwenye kikao chenu ningesema pia kwamba kituo cha daladala si chaguo pekee, na pengine si bora. Temeke na Mbagala zimejaa vikundi vya jogingi. Jumapili alfajiri wanapita wakiimba, wana fulana zao, wana viongozi, wana makundi ya WhatsApp, na wana desturi ya kualikana na kusindikizana kwenye shughuli. Hawa tayari wanapenda kutembea na kukimbia pamoja. Mwenyekiti mmoja wa jogingi akikubali, analeta kikundi kizima. Msiache banda la Rangi Tatu, kwa sababu linawafikia ambao hawako kwenye kundi lolote, lakini Jumapili iliyo katikati ya Jumamosi zenu mbili itumieni kuwafuata wanajogingi wanapopumzika.

Daftari la kujiandikisha liwe na jina, namba ya simu na saizi ya fulana, basi. Msimwandike mtu kama anaumwa au ana mgonjwa nyumbani. Mwulize kama mnaruhusiwa kumtumia ujumbe wa kumkumbusha. Daftari lisikae wazi mezani, maana ukurasa mmoja wa majina na namba za simu ukipigwa picha unawatosha matapeli kwa mwezi mzima. Jioni likabidhi kwa katibu, siyo kwenye begi la yeyote aliyekuwa wa mwisho kuondoka.

Kuhusu akaunti na usajili, mtu wa kumwona ana kwa ana ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Anavisaidia vikundi kama chenu kila siku na atawaambia kilichokwama kiko wapi. Nendeni wewe na mwenyekiti kabla ya Ijumaa, mkiwa na katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na muhtasari wa kikao mlichopitisha matembezi, maana hivyo ndivyo atakavyoanza kuviulizia.